Uzi: Riwaya ya Number the Stars na kiasi cha ukweli ambacho mtoto anaweza kuubeba

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Wakati wa likizo iliyopita mpwa wangu, binti wa dada yangu mwenye umri wa miaka 10, alikuja kukaa nasi hapa Arusha, na ndani ya begi lake mlikuwa na kitabu alichoagizwa shuleni akisome kabla muhula haujaanza. Kitabu chenyewe ni Number the Stars, riwaya ya watoto ya mwandishi wa Marekani Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1989 na mwaka uliofuata ikapata Nishani ya Newbery, ambayo ndiyo tuzo yenye heshima kubwa zaidi kwa vitabu vya watoto nchini humo. Tulikisoma jioni baada ya jioni, yeye akisoma kwa sauti kwa Kiingereza na mimi nikimfasiria kila aliponitupia jicho la kuuliza. Tulipofika mwisho niliona nina deni la kuandika, kwa sababu wazazi, walezi na walimu wengi humu lazima watafikiwa siku moja na swali lililonifikia mimi: mtoto wa darasa la nne aambiwe nini kuhusu Maangamizi ya Wayahudi, yaani mauaji ya Wayahudi wa Ulaya yaliyofanywa na Ujerumani ya Hitler wakati wa Vita Kuu ya Pili, na aambiwe kiasi gani?

Nitasimulia kisa chote mpaka mwisho. Anayetaka kukisoma kitabu bila kujua siri zake akisome kwanza, kisha arudi.

Hadithi inaanzia Copenhagen mwaka 1943, miaka mitatu na ushei tangu Ujerumani ilipoivamia Denmark tarehe 9 Aprili 1940. Annemarie Johansen, msichana wa miaka 10, anashindana mbio na rafiki yake Ellen Rosen katika barabara ya Østerbrogade wakitoka shule, huku Kirsti, mdogo wake Annemarie mwenye miaka mitano, akijikokota nyuma yao. Kwenye kona wanasimamishwa na askari wawili wa Kijerumani wenye bunduki, na mmoja anawauliza kwa nini wanakimbia. Hakuna anayepigwa. Askari anazigusa nywele za Kirsti, anasema zinamkumbusha binti yake mdogo aliyemwacha nyumbani, na Kirsti anausukuma mkono wake kwa hasira. Baada ya hapo wasichana wale wawili wanakubaliana wasiwaambie mama zao, lakini makubaliano hayo hayadumu hata dakika kumi, kwa kuwa Kirsti anayamwaga yote mara tu anapoingia ndani.

Naomba mlikumbuke tukio hilo dogo, kwani nadhani mwandishi ameliweka mwanzoni kwa makusudi. Watoto ndio wanaoanza kuwaficha watu wazima. Kuanzia hapo kitabu kizima kinahusu kufichana: nani anajua nini, nani hajaambiwa, na kwa sababu gani.

Dhiki ya vita inaonyeshwa kwa vitu vinavyoshikika. Siagi hakuna, sukari hakuna, umeme unatolewa kwa mgawo, na Kirsti anaota keki zenye sukari ya waridi juu yake. Ngozi ya ng'ombe imeadimika, hivyo mama yake anamnunulia viatu vilivyotengenezwa kwa ngozi ya samaki, na magamba bado yanaonekana. Mpwa wangu alidhani nimekosea kufasiri, ikabidi arudie mstari ule mwenyewe kwa kidole. Akaniuliza kama vilikuwa vikinuka. Duka la vifungo la Bibi Hirsch linakutwa limefungwa, na mlangoni kuna tangazo la Kijerumani. Kwa msomaji mtu mzima, kufuli lile linatosha. Kwa Annemarie ni swali tu la wapi sasa watapata kifungo cha koti.

Kisha unakuja usiku wenyewe. Mwishoni mwa Septemba, Wayahudi wakiwa wanaingia mwaka wao mpya, rabi anawaonya waumini katika sinagogi kwamba Wajerumani wana orodha ya majina na makazi yao na kwamba wanajiandaa kuwakamata. Wazazi wa Ellen wanaondoka na Peter Neilsen, kijana wa harakati za siri za kuwapinga Wajerumani aliyekuwa mchumba wa Lise, dada mkubwa wa Annemarie aliyekwisha kufariki. Ellen anaachwa kwa akina Johansen na kupewa nafasi ya marehemu: akiulizwa, yeye ni Lise. Saa kumi za usiku askari wanaugonga mlango, na wakati viatu vyao vinasikika sebuleni Annemarie anakumbuka kwamba Ellen amevaa mkufu wenye Nyota ya Daudi, alama ya Wayahudi. Ellen hauvui kamwe mkufu ule, wala hakumbuki unafunguliwaje. Annemarie anaushika, anamwambia atulie, anauvuta kwa nguvu ukakatika, na kuufumbata mkononi.

Ofisa anazitilia shaka nywele nyeusi za Ellen katikati ya nyumba ya watoto wenye nywele nyeupe kama nyuzi za katani. Baba anakwenda kwenye albamu na kuzichomoa picha tatu za utotoni, kila moja ikiwa na jina chini yake, na katika picha ya Lise mtoto mchanga ana nywele nyeusi. Nyumba inapona kwa picha ya maiti. Wanapoondoka, Annemarie anaufungua mkono na kukuta Nyota ya Daudi imejichapa katika kiganja chake.

Mpwa wangu alikiweka kitabu juu ya meza, akachukua kifungo cha shati langu kilichokuwa kimedondoka, akakifumbata na kukikaza mpaka vidole vikabadilika rangi. Alipofungua, alikaa muda mrefu akikitazama kiganja chake karibu na taa. Sikumwambia neno. Siku hiyo hatukuendelea na sura iliyofuata.

Naendelea.

Nusu ya pili ya riwaya inahamia Gilleleje, kijiji cha wavuvi kaskazini ya kisiwa cha Zealand, ambako mama yake Annemarie anawapeleka wasichana wote watatu kwa kaka yake, anayeishi peke yake na ng'ombe wake na mashua yake. Kiingereza kinamwita kwa neno moja tu linalobeba ndugu wa pande zote, lakini Kiswahili hakiniruhusu kuficha: Henrik ni ndugu wa mama, kwa hiyo ni mjomba, na mpwa wangu alilipokea neno hilo kwa uzito wake wote, akiniangalia mimi. Tangu siku ile kila alichofanya Mjomba Henrik nilikuwa kama nadaiwa maelezo yake.

Wasichana wanaambiwa kwamba Bibi Birte, mzee mmoja wa ukoo, amefariki na usiku huo kutakuwa na mkesha. Jeneza linaletwa, linawekwa sebuleni, na watu wanaingia mmoja mmoja na kukaa kimya. Annemarie anajua kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusikia habari za bibi huyo. Mpwa wangu aligundua mapema kuliko yeye, na kwa njia ambayo mtoto wa Copenhagen asingeigundua: aliniuliza ni msiba gani huu, hakuna aliyelia, hakuna anayepika, na watu hawapeani hata pole. Nilicheka, kisha nikaona kwamba ametoa hoja nzito. Mtoto aliyekulia katika misiba yetu, yenye vilio, turubai na masufuria ya wali, anaujua msiba wa uongo hata ukiandikwa kwa lugha ya kigeni.

Annemarie anamfuata mjomba wake zizini na kumwambia usoni kwamba amemdanganya. Hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo kwa maoni yangu. Henrik hakani. Anamwuliza yeye ni jasiri kiasi gani, msichana anakiri kwamba si sana, na mjomba anamweleza kwamba ujasiri huwa mwepesi zaidi kwa asiyejua kila kitu, kwamba mama yake naye hajui yote, wala yeye mwenyewe hajui yote. Mtoto anaambiwa kile tu anachohitaji kukijua usiku ule, na anaambiwa pia kwamba kuna mengine ambayo hajaambiwa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayotofautisha heshima na hadaa. Linganisheni na lile alilofanyiwa Kirsti. Tarehe 29 Agosti 1943 jeshi la majini la Denmark lilizizamisha meli zake lenyewe bandarini Copenhagen ili zisichukuliwe na Wajerumani, anga ikawaka moto, na kwa kuwa siku zile ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Kirsti, mama yake alimwambia kwamba hizo ni fataki zake. Kwa mtoto wa miaka mitano uongo ule ulikuwa blanketi. Kwa Annemarie wa miaka 10 uongo wa namna hiyo ungekuwa dharau, naye alishaanza kuuhisi.

Usiku ule askari wanaingia katika msiba na kutaka jeneza lifunguliwe. Mama anajibu kwamba marehemu ameondoka na taifasi na kwamba daktari ameonya. (Nilitaka kufasiri "homa ya matumbo", nikajisahihisha, kwani taifasi ni ugonjwa mwingine, unaoenezwa na chawa, na wakati wa vita uliogopwa mno.) Ofisa anampiga mama kofi na kuondoka. Peter anasoma zaburi ile isemayo kwamba Mungu huihesabu idadi ya nyota na kuzipa zote majina, na hapo ndipo jina la kitabu lilipotoka. Jeneza linapofunguliwa, ndani yake mna mablanketi na makoti ya wale waliojifanya wafiwa, ambao ni Wayahudi, wazazi wa Ellen wakiwamo, watakaovuka bahari kwenda Uswidi usiku kwa baridi ya Oktoba.

Kulipopambazuka pakiti moja iliyodondoshwa na baba yake Ellen inapatikana kwenye nyasi, mama ameumia vibaya mguu, na ni Annemarie peke yake anayeweza kukimbia msituni kuipeleka mashuani. Anasimamishwa na askari wenye mbwa. Anajifanya mtoto mpumbavu, anaiga maneno ya Kirsti, analia kwa ajili ya chakula cha mjomba wake kinachoporwa kikapuni. Ndani ya pakiti kuna leso. Baadaye tu ndipo anapoambiwa ilikuwa na kazi gani: ilipakwa unga wa damu kavu ya sungura na kokeini, mbwa huvutwa na harufu ya damu, wakainusa, na pua zao zikafa ganzi wasiweze kuwanusa watu waliofichwa chini ya sakafu ya mashua. Jambo hilo si la kubuni. Unga kama huo ulitumiwa kweli na wavuvi wa Denmark.

Nimeulizwa hapa juu kama kisa chote hiki kilitokea. Familia ya Johansen na ya Rosen ni za kubuni, lakini kipande cha historia kilichowabeba ni cha kweli, na ni vyema tukijue vizuri kabla ya kumweleza mtoto.

Onyo la rabi lilikuwepo. Georg Ferdinand Duckwitz, ofisa wa masuala ya meli katika ubalozi wa Ujerumani mjini Copenhagen na mwenyewe mwanachama wa chama cha Hitler, alijua mpango wa kuwakamata Wayahudi na tarehe 28 Septemba 1943 akawadokeza wanasiasa wa Denmark. Asubuhi iliyofuata Rabi Marcus Melchior aliisimamisha ibada katika sinagogi na kuwaambia watu wake waende wakajifiche na kuwaambia wengine. Msako ulipofanyika usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba, askari walikuta nyumba nyingi ni tupu. Uswidi, ambayo haikuwa vitani, ilitangaza kwamba ingewapokea, na katika wiki chache zilizofuata Wayahudi wapatao 7,200, pamoja na jamaa zao karibu 700 wasio Wayahudi, walivushwa mlangobahari wa Øresund kwa mashua za uvuvi, madau na hata vyombo vya kupiga makasia. Watu walifichwa hospitalini wakaandikishwa kama wagonjwa, wakafichwa makanisani, mabandani na kwenye nyumba za mapumziko za pwani.

Waliokamatwa walikuwa kama 470, nao walipelekwa kambi ya Theresienstadt, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Cheki. Serikali na wananchi wa Denmark waliendelea kuwaulizia na kuwapelekea vifurushi, na wengi wao walirudi hai Aprili 1945 katika mabasi meupe yaliyotumwa na Uswidi. Hamsini hivi walifia huko.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Gilleleje ya riwaya ni mahali pa wokovu, na ilikuwa hivyo kweli kwa mamia ya watu. Lakini katika kijiji hicho hicho, usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Oktoba 1943, Wayahudi wapatao 80 waliokuwa wamejificha darini mwa kanisa wakisubiri chombo walisalitiwa, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakalizingira kanisa na kuwashusha karibu wote. Hatua chache kutoka bandarini. Riwaya haitaji dari hilo. Mashua ya Henrik inafika, na Ellen anapona.

Je, mwandishi amewadanganya watoto? Nimelifikiria swali hili siku nyingi na jibu langu ni hapana, ila ni hapana yenye masharti. Ameandika juu ya mashua iliyofika, na mashua zilizofika zilikuwa nyingi. Kosa linatokea pale mtu mzima anapomkabidhi mtoto kitabu hiki na kuondoka, akiamini kwamba mtoto amesoma habari za Maangamizi. Atakuwa amesoma habari za Denmark. Wayahudi wote wa nchi ile hawakufika 8,000, na zaidi ya asilimia 95 yao walinusurika. Nchini Uholanzi walikuwa karibu 140,000, na takribani robo tatu yao waliuawa. Poland walikuwa zaidi ya milioni 3, na karibu wote waliuawa. Katika Wayahudi milioni 6 waliouawa barani Ulaya, watoto walikuwa kama milioni moja na nusu, na wengi wao hawakuwa na jirani wa ghorofa ya juu mwenye albamu ya picha.

Naendelea kujibu michango iliyoingia jana na leo.

Mwalimu mmoja anauliza kama mtoto wa miaka 10 anaweza kutwishwa takwimu hizo. Nilichokifanya mimi nilijifunza kwa Henrik. Tulipokuwa katikati ya hadithi sikusema lolote la milioni. Mpwa wangu alipouliza Wajerumani walikuwa wakiwapeleka wapi waliowakamata, nilimwambia kuwa waliwapeleka kwenye kambi ambako wengi waliuawa, na kwamba kuna mengine nitamweleza akiniuliza au akikua. Hakuuliza siku ile. Aliuliza siku tatu baadaye, tukiwa jikoni tunachambua mchele, ghafla tu: "Mjomba, na nchi nyingine je, walikuwa na mashua?" Nikajua sasa mlango umefunguliwa na aliyeufungua ni yeye. Nikamwambia kuhusu Uholanzi na Poland, kwa sentensi fupi, bila picha na bila kueleza namna walivyouawa. Picha za kambi asionyeshwe mtoto wa umri huu. Nalisema hili kwa msimamo, kwa sababu nimeona watu wazima wakiwafungulia watoto picha hizo katika simu kwa nia njema kabisa, na mtoto akabaki na maiti kichwani badala ya watu.

Mchangiaji mwingine anaona kitabu kinawaremba mno wananchi wa Denmark. Ana haki kwa kiasi fulani, na ningependa tulitazame jambo hili kwa uadilifu. Baadhi ya wavuvi walitoza fedha nyingi, hasa siku za mwanzo, ingawa vikundi vya siri vilichanga ili asiachwe nyuma asiyekuwa nacho. Kabla ya vita Denmark ilikuwa imewabania mlango wakimbizi wengi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, na wakati wa uvamizi mamlaka za nchi hiyo ziliwarudisha baadhi yao mikononi mwa Wajerumani. Mei 2005 Waziri Mkuu Anders Fogh Rasmussen aliomba radhi hadharani kwa tendo hilo. Vilevile ile simulizi mashuhuri kwamba Mfalme Christian wa Kumi alivaa nyota ya njano, alama ambayo Wajerumani waliwalazimisha Wayahudi wa nchi nyingine kuivaa, ili kuwa pamoja na raia wake Wayahudi haina ukweli, kwa kuwa Wayahudi wa Denmark hawakuwahi kulazimishwa kuivaa. Lowry hakuiingiza katika kitabu chake, na nampongeza kwa hilo. Alichokiweka ni mfalme akipita mitaani juu ya farasi wake Jubilee bila walinzi, jambo ambalo watu wa Copenhagen walilishuhudia kwa macho yao.

Lakini sikubaliani na hitimisho kwamba basi kitabu kiwekwe kando. Mwokoaji anayetoza nauli bado amevusha mtu. Na mtoto anahitaji kwanza kumpenda Ellen kwa jina na kwa mkufu wake kabla hajaambiwa idadi ya wasiovuka, la sivyo idadi hiyo itabaki kuwa tarakimu ya mtihani.

Kuna ndugu ameandika kwamba mambo haya ni ya Ulaya na hayatuhusu. Sitabishana naye sana. Nitamweleza tu kilichotokea nyumbani. Mpwa wangu alikutana na maneno "mauaji ya kimbari" nilipokuwa namfasiria, akasema analijua jengo. Alikuwa na maana ya jumba la mikutano la AICC, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifanya kazi zake hapa Arusha, na ambalo mama yake humwonyesha kila wanapopita. Mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari ulipitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 1948, kutokana na hayo yaliyowapata Wayahudi, na hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo ilisomwa katika jengo lile tarehe 2 Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu. Mtoto aliunganisha mambo mawili ambayo mimi nilikuwa sijafikiria kuyaunganisha, na sikuona sababu ya kumwambia kwamba hayahusiani.

Mwisho, nimeulizwa kama sura ya mwisho na maelezo ya mwandishi baada yake visomwe kwa mtoto au virukwe. Visisomwe usiku, lakini visomwe.

Sura ya mwisho inamrudisha msomaji Copenhagen Mei 1945, bendera zikipepea na watu wakiimba. Akina Johansen wamekuwa wakiitunza nyumba ya akina Rosen muda wote huo, wakifuta vumbi, wakimwagilia maua na kung'arisha vinara vya mishumaa. Katikati ya shangwe ndipo Annemarie anapoambiwa yale yaliyobaki. Peter alikamatwa na kupigwa risasi uwanjani Ryvangen, na Wajerumani waliwazika vijana wale pale pale, makaburi yao yakiwa na namba tu bila majina. Naye Lise hakufa kwa ajali kama alivyoambiwa. Alikuwa katika harakati za siri pamoja na Peter, na askari walimgonga kwa gari makusudi alipokuwa akikimbia. Wazazi walisubiri hadi Annemarie alipofika umri wa kuambiwa, na wao wenyewe walikuwa wameujua ukweli huo baadaye. Tulipofika kwenye yale makaburi ya namba, mpwa wangu alirudisha kurasa nyuma mpaka kwenye zaburi, akausoma tena ule mstari wa nyota kupewa majina, akaweka kidole hapo na kingine kwenye ukurasa wa makaburi. Hakusema anafanya nini.

Kisha Annemarie anautoa mkufu wa Ellen, uliofichwa muda wote katika mfuko wa gauni la njano la marehemu Lise, na kumwomba baba yake autengeneze ili auvae yeye mpaka mwenyewe arudi. Kitabu kinaishia hapo. Ellen harudi mbele ya macho yetu.

Maelezo ya mwandishi ni kurasa chache zinazotenga yaliyobuniwa na yaliyotokea. Humo yumo Kim Malthe-Bruun, kijana halisi wa harakati za siri, ambaye Lowry alimfikiria alipokuwa akimwandika Peter. Wajerumani walimpiga risasi Ryvangen tarehe 6 Aprili 1945 akiwa na miaka 21, na kabla ya kuuawa alimwandikia mama yake barua. Nilimfasiria mpwa wangu sehemu ya barua hiyo iliyomo kitabuni, polepole, nikisimama pale sauti iliponikataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka kujua vita viliisha lini Denmark. Nikamjibu kuwa ni tarehe 5 Mei. Akavuta kalenda ya ukutani, akaanza kuhesabu kwa sauti, mwezi wa nne kisha wa tano, na mimi nikahesabu pamoja naye. Zilikuwa siku 29.